Konvertisa Mbili za Papa Bonaventure

Papa Théophile alikuwa ametengeneza redio za Kalemie kwa miaka ishirini, kwenye kibanda chake karibu na gare ya treni, na masikio yake hayakuwa ya kuazima. Ndiyo sababu Bonaventure, mkubwa mmoja wa bandarini, aliporudi kutoka Ulaya mwaka 1991 na konvertisa mbili, alimwita Jumapili baada ya misa azishuhudie mbele ya wageni.

Konvertisa, alieleza Bonaventure kama anayefundisha katekisimu, ni kisanduku kinachogeuza tarakimu za diski ya leza kuwa muziki. Moja alikuwa nayo zamani. Ya pili, nzito kama jiwe la machimbo ya Kabimba, aliipakata ndani ya ndege safari nzima.

“Hii ya zamani inaimba ndani ya blanketi,” alisema. “Hii mupya, unasikia mpaka mate ya mwimbaji.”

Théophile alisikiliza moja, kisha nyingine. Hakusikia mate ya mtu. Alisikia gitaa lile lile, na akamwona mwenyeji akifumba macho kila zamu ya kisanduku kipya ilipofika. Upuuzi wa mtu aliyeshiba, akawaza.

“Papa Bona, geukia ukuta. Mimi nitabadilisha, wewe utuambie njo gani inaimba.”

Bonaventure akageuka akicheka. Théophile akairudisha ile ya zamani, akaacha muziki uendelee. Kisha akanyoosha mkono kwenye swichi, akakohoa, asiguse kitu.

“Mupya!” akapaza Bonaventure.

Akakohoa tena.

“Zamani! Masikini, sauti imekufa.”

Mara ya tatu: “Mupya! Sasa tunapumua!”

Bia ikamtoka Marceline, mke wa Bonaventure, puani. “Baba, Papa Théo hajagusa kitu. Ni ile ya zamani tangu ulipogeuka.”

“Umeme wa hapa ni muchafu,” akasema Bonaventure. “Unaharibu masikio.”

Théophile angeweza kuondoka. Lakini mabafle mawili, yanayotoa sauti yenyewe, yalikuwa yamebanwa nyuma ya viti vya fotei, yamefunikwa vitambaa vya kufuma, na jambo hilo lilimuuma kama jino. Akayavuta nje, akavua vitambaa, akayaelekeza kwa watu. Muziki ukafunguka. Mgeni mmoja akaacha kutafuna.

Bonaventure akakipapasa kisanduku kipya, kilichokuwa kimya. “Niliwaambia! Kilikuwa kinangoja kupata moto.”

Wageni wakaitikia, maana bia ilikuwa yake. Théophile akachukua kofia. Marceline akamfuata barazani kumwomba radhi.

“Usiniombe radhi, Mama. Rudi usikilize, kabla hajayarudisha mabafle nyuma ya fotei.”