Namba ya Mwenye Gari

Mtu ambaye hajawahi kuwa na gari usimwachie funguo asubuhi, maana kufika saa sita atakuwa ameshalizoea. Odera alizoea saa tatu.

Shemeji yake Marion, mke wa kakake mkubwa, ni mwalimu huko Kiplombe. Jumanne hiyo hakupata nafasi ya kutoka shuleni, akamwomba Odera ampelekee gari kwa Kituyi, fundi wa Langas, abadilishe breki. Alimpa pedi mpya ndani ya karatasi, na maneno machache: breki peke yake, na fundi akiona shida nyingine ampigie yeye Marion. Alhamisi asubuhi gari lilitakiwa kumpeleka mamake Marion hospitali ya Plateau akapasuliwe jicho, na hiyo tarehe walikuwa wameingojea miezi mitano.

Sasa, Odera ni karani wa stoo ya mahindi, na kule stoo jina lake ni "wewe". Aliposhuka tu pale gereji, watu wawili wakamwita mdosi, yaani bosi. Kituyi alipotoa simu na kuuliza namba ya mwenye gari, Odera alijisikia akitaja yake, tarakimu zote kumi, bila hata kukwama.

Simu ya kwanza ilimkuta kwenye mizani kule stoo. "Mdosi, nimefungua gurudumu nikaona jointi ya CV imeanza kuisha. Mpira umepasuka, grisi yote imemwagika. Niishushe?"

Odera hakujua kama jointi ni kitu cha kushushwa au cha kupandishwa. Angesema ngoja nimuulize mwenyewe, lakini si mwenyewe ndiye yeye? Akakohoa kidogo, akauliza, kwa sauti ya mtu aliyezeekea barabarani, kama ni ile ya kushoto. Kituyi akashangaa: ni hiyo hiyo, kumbe mdosi analijua gari lake.

"Basi shusha," Odera akasema.

Simu ya pili ilihusu upande wa kulia. Akakubali pia, asije akaonekana anabagua. Alasiri ikaja picha ya chuma cheusi kama mguu wa kuku aliyeungua. Odera aliitazama wima, akaigeuza, haikusaidia, akajibu kwa alama ya kidole gumba.

Jumatano saa tisa alienda kuchukua gari. Alilikuta limekalia mawe, magurudumu ya mbele yako kando, na vyuma viwili vimelala juu ya gunia. Kituyi alikuwa anakunywa chai.

"Umekuja nazo?"

Odera aliangalia mikono yake. "Nazo nini?"

"Jointi. Si nilikutumia picha jana?"

Hapo kichwa cha Odera kikawa kama stoo iliyoingiliwa na panya. Aliyetoa si ndiye anayerudisha? Kituyi alimweleza polepole kwamba hapa spea hununuliwa na mwenye gari, asije kesho akasema amefungiwa kuukuu. Fundi ni mikono tu. Hilo kila mwenye gari hapa Eldoret analijua.

Kisha akaweka kikombe chini. "Ndugu yangu, hili gari ni lako?"

Lile "mdosi" lilikuwa limeshakwenda zake. Odera alilitazama gari, labda lingemjibia, halafu akampigia Marion. Alikuwa amejipangia hotuba ndefu. Kilichotoka ni hiki: "Shemeji, niliambia fundi gari ni langu."

Huko shuleni watoto walikuwa wanasoma kwa pamoja. Marion hakugomba. Aliomba apewe fundi, akamuuliza kama hizo jointi zingemfikisha Plateau na kumrudisha. Kituyi akakiri zingefika, hata mwezi zingemaliza, kwa kelele tu.

"Basi kwa nini ziko chini?"

"Mwenye gari alikubali, mwalimu."

"Mwenye gari ni mimi. Zioshe, weka grisi na mipira mipya, uzirudishe leo. Kingine usiguse kabla hujanipigia. Hiyo mipira Odera ataileta."

Kituyi akaandika namba ya Marion, akafuta neno Mdosi kwenye ile ya Odera, kisha akabaki na kidole hewani.

"Na wewe nikuandike nani?"

Odera alifikiria kwa muda mrefu, zaidi ya alivyofikiria zile jointi.

"Andika Shemeji," akasema, akaondoka kwenda duka la spea. Alirudi kabla hajafika langoni, kuuliza ni mipira ya nini.