Hita ya Mzee Burito

Mimi ni fundi magari, gereji yangu iko Bweri, hapa Musoma, na nikikwambia kitu kuhusu injini unisikilize, usilete ubishi. Miaka thelathini nimeshika spana. Mafundi niliowafundisha wana gereji zao kuanzia Musoma mpaka Bunda, na wote niliwafundisha jambo moja la kwanza kabisa: gari ikiingia mikononi mwako, toa themostati, tupa. Ni kidude kidogo cha bati, kinazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Wazungu waliotengeneza magari wamekiweka kwa sababu ya baridi ya kwao. Huku kwetu baridi iko wapi? Nilikuwaga nasema hivyo huku nacheka, na kidude kinaangukia kwenye debe la vyuma chakavu.

Nayasema haya mapema ili ujue wa kulaumiwa ni nani.

Baba yangu, Mzee Burito, alikuwa bwana pamba kule Bunda. Pijo 504 aliinunua enzi zile kutoka chama cha ushirika, rangi ya maziwa, akaitunza kuliko alivyotutunza sisi watoto. Silisemi hilo kwa chuki. Alipostaafu alirudi kwake Butiama, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na Pijo akaijengea banda. Mwaka jana alipoanza kuugua nilimleta kwangu Bweri awe karibu na hospitali. Pijo nayo ikaja, maana siku zile bado alikuwa na nguvu za kukataa gari ya mtu mwingine.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa damu. Madaktari wana jina lake refu, sisi nyumbani tulikuwa tunaona tu kwamba mzee anaisha. Na baridi. Saa saba mchana, jua la Musoma linachoma bati mpaka linalia, yeye yuko ndani na sweta mbili na blanketi, meno yanagongana. Ukimshika mkono unashtuka. Mke wangu Esta alikuwa anachemsha maji, anayatia kwenye chupa, anamwekea miguuni. Baada ya nusu saa mzee anauliza tena, "Esta mama, hii baridi inatoka wapi?"

Mwaka huu mwezi wa saba tulimpeleka kliniki asubuhi kwa taksi. Kabla hatujafika Mwisenge alikuwa anatetemeka mpaka akapoteza fahamu mikononi mwa Esta. Safari ya robo saa tu. Daktari alimzindua, akatuita pembeni, akasema mzee arudi nyumbani kwake. Jioni yake mzee akaniita.

"Chrispini. Nipeleke kwangu. Nataka nifie ndani ya nyumba yangu. Nisifie njiani, unajua mwenyewe."

Nilijua. Katika ukoo wetu mtu aliyefia njiani haingizwi mlangoni. Anawekewa turubai uani, analala nje mpaka siku ya kuzikwa, hata kama nyumba aliijenga kwa mikono yake tofali kwa tofali. Kaka yake baba, Mzee Clementi, alikufa kwenye lori akitoka kuuza ng'ombe, akalala nje siku mbili, na mvua ikanyesha siku zote mbili. Baba hakuisahau ile mvua. Kila likitokea wingu kubwa alikuwa anamtaja kaka yake.

"Nitakupeleka, baba," nikasema.

"Kwa Pijo. Na uwashe hita. Mwaka ule nilienda nayo Mbulu, baridi inakata masikio, mimi nimekaa mle kama niko jikoni. Nyie mmeiacha tu imeharibika. Si wewe fundi?"

Hita haikuharibika, niliing'oa mimi. Ndiyo kwanza nilikuwa nafungua gereji. Ile rejeta yake ndogo ilianza kuvuja, ikamlowesha mzee viatu. Kuichomelea ni kazi ya siku moja. Mimi kwa uvivu wangu na ujuaji wangu nikaitoa, nikaunganisha mipira ya maji ipite moja kwa moja, rejeta nikawauzia wanunuzi wa shaba. Mzee alipouliza nikamwambia imeziba, nitaishughulikia. Miaka ishirini na kitu imepita. Kila mwezi wa saba, asubuhi, alikuwa anavuta kile kijiti cha hita kwenye dashibodi, anasubiri kidogo, anasema, "Bado imeziba," halafu anakirudisha taratibu. Hajawahi kunigombeza hata siku moja. Bora angenigombeza.

Esta aliniambia tumfunike mablanketi tuondoke. Nikamuuliza, robo saa ya Mwisenge umesahau? Kutoka kwetu mpaka Butiama ni zaidi ya saa nzima. Tungemfikisha maiti, na angelala nje. Nilimjibu kwa ukali, naye hakuwa na kosa lolote.

Siku ya kwanza nilipata rejeta ndogo kwenye pikapu mbovu iliyokufa nyuma ya duka moja Mwisenge. Haikuwa ya Pijo. Nilikata, nikachomelea, nikatengeneza vishikizo, nikafunga feni na waya mpya. Kazi safi, hilo nitajisifu. Siku ya pili asubuhi nikawasha injini, nikaiacha ingurume nusu saa, nikavuta kijiti. Upepo ukatoka. Nikaweka kiganja pale. Vuguvugu, kama pumzi ya mbuzi.

Nikatazama geji ya joto. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Injini ya Pijo ile haijapata moto sawasawa tangu nilipoitoa themostati kwa mikono yangu, maji yanazunguka tu muda wote yanapoa. Na injini isiyopata moto itampa nani joto? Nilikaa chini pale pale kwenye mafuta machafu. Mzee alikuwa dirishani, amejifunga blanketi mpaka kichwani, ananitazama, na akaninyooshea kidole gumba kwamba kazi inaendelea vizuri.

Nikaanza kutafuta. Maduka ya spea yote ya Musoma niliyapita kwa bodaboda. Wauzaji wananitazama kama nimechanganyikiwa. Themostati? Nani anaweka themostati huku? Nikapanda basi mpaka Bunda kwa Makoye, fundi niliyemfundisha kazi miaka mitano, leo ana gereji kubwa na mtambo wa kunyanyulia magari. Makoye alinipokea kwa heshima, akaniletea kiti, akafungua mpaka kabati lake la ndani. Hamna.

"Fundi," akasema, "mimi tangu nianze kazi sijawahi kukirudisha hicho kitu kwenye gari ya mtu. Natoaga tu. Wewe mwenyewe ndiye ulitufundisha."

Hakusema kwa kejeli, alisema kama mtu anayekumbusha tarehe. Akapiga simu Mwanza, wakamwambia labda baada ya wiki mbili. Nikashukuru, nikarudi stendi. Kwenye basi nililia, mtu mzima mwenye mvi, mama mmoja aliyepakata kuku akanipa kitambaa chake bila kuniuliza. Mkoa mzima hauna themostati kwa sababu ya mdomo wangu. Esta akapiga simu: mzee amekataa uji, anauliza gari imepona?

Siku ya tatu nilifanya kitu ambacho ningemfukuza kazi fundi yeyote akikifanya. Nilichukua boksi la sabuni, nikalikata, nikalifunga kwa waya mbele ya rejeta kubwa ili upepo wa barabarani usiipoze. Mshale ukapanda. Ukapita katikati, ukaendelea. Nikavuta kijiti, na hewa iliyotoka ilinichoma vidole. Injini inaweza kuungua kwa mchezo huo, lakini sikujali tena. Iungue, ilimradi iungulie uani kwake.

Esta alitangulia na basi la asubuhi kwenda kuandaa kitanda na dada yangu Justina, anayeishi pale kwa mzee. Saa nne nikamweka mzee kiti cha mbele, nikamfunga mkanda, nikampa heshima ya kuvuta kijiti mwenyewe. Alikivuta kwa vidole viwili. Akasubiri kama alivyozoea. Joto likampiga usoni.

"Imezibuka," akasema.

Akacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu Krismasi. Aliweka mikono yote miwili mbele ya tundu la hewa, akaigeuza upande huu na upande ule. Mimi jasho linanitiririka mpaka kwenye macho, sikufungua dirisha. Niliendesha polepole, jicho moja barabarani, jicho moja kwenye geji. Alikuwa anaongea. Alinionyesha mahali palipokuwa na kituo cha kununulia pamba, akanitajia karani aliyekuwa anaiba kwa kuloweka magunia yaongezeke uzito.

Makutano nilisimama kumnunulia chai. Akaipokea kwenye kikombe cha plastiki, akaishika kifuani, akasema, "Sasa nimepona, mura. Twende nyumbani." Tukakata kona kuelekea Butiama. Baada ya hapo alinyamaza, kichwa kikaegemea mlango. Nikajua amelala. Mtu aliyetetemeka miezi saba akipata joto atafanya nini kama si kulala?

Na mimi, kwa sababu alikuwa kimya na hanitazami, nikapata ujasiri. Nikasema, "Baba, ile hita haikuziba. Niliing'oa nikaiuza. Nilikudanganya miaka yote hii." Hakujibu. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto, kwa mara ya kwanza, moto kabisa kama mkono wa mtu mzima wa afya. Nikaona amenisikia na ameamua kuniachia. Mzigo ukanitoka kifuani, nakwambia kweli. Nikampigia Justina simu huku naendesha, nikamwambia pasha uji, mzee amepata joto.

Tuliingia ndani ya ua wa minyaa, mshale wa geji uko kwenye nyekundu na mvuke unatoka kwenye boneti. Watu wa nyumbani wamejipanga. Baba mdogo Mseti, mdogo wake mzee, ndiye aliyefungua mlango. Akamwita jina. Akamwita tena. Akampapasa shingo, akamshika mikono yote miwili, akaishika muda mrefu.

"Amekata roho," akasema. "Sasa hivi tu. Bado wa moto kabisa."

Justina akaanguka chini. Esta akamshika. Baba mdogo akanigeukia, na pale uani kila mtu akanyamaza kunisikiliza, kwa sababu turubai lilikuwa stoo na lazima waambiwe kama watalitoa.

"Chrispini, mlipovuka minyaa alikuwa hai?"

Nikatazama chini kwenye miguu ya mzee. Kikombe kilikuwa kimelala kwenye kapeti ya mpira, chini ya tundu la hewa. Chai yote ilikuwa imemwagika na imekauka, imebaki sukari tu imeganda ukingoni. Ilimwagika mbali huko, pengine hatujamaliza hata nyumba za Makutano. Ule mkono wa moto nilioushika haukuwa wa moto kwa sababu ya damu yake. Ilikuwa hita yangu.

"Alikuwa hai," nikasema. "Aliniambia tumefika."

Wakambeba. Wanaume sita, wakamwingiza kwa mlango wake mkubwa, miguu yake kwanza ikavuka kizingiti, wakamlaza kwenye kitanda alichotandikiwa. Nikaokota kikombe nikakitia mfukoni, nikafuta ile sukari kwa mkono wa shati. Ndipo nikazima injini. Sikujua kama ingewaka tena, na mpaka leo haijawaka.

Alizikwa siku ya tatu, upande wa banda la Pijo. Watu walikuja wengi, hata Makoye alikuja kutoka Bunda, na kila mmoja alinishika mkono akaniambia neno lile lile: angalau ulimfikisha akiwa hai. Nasema ndiyo, tunashukuru. Sijui alikufa saa ngapi. Sijui kama alinisikia, au niliungama kwa maiti.

Naendaga Butiama kila mwisho wa mwezi kumwona Justina. Mlango mkubwa sijaupita tena. Nazungukia wa jikoni, nakaa kule kule kwenye kigoda mpaka niondoke. Justina anadhani ni majonzi tu yananisumbua, ananiletea chai.