Bakuli Bichi la Thurman

Nadine Pruitt alikuwa mtu wa kulala kama gogo, lakini wiki ile usingizi ulimkataa. Jumamosi asubuhi alipopiga honi nje ya nyumba ya jirani yake Roslyn, macho yake yalikuwa mekundu na chupa ya kahawa imeshafika nusu. Alikuwa akiomba Roslyn atoke na mafua, au atoke na mgeni, au atoke na sababu yoyote ile ya kutokwenda milimani. Roslyn akatoka amejipodoa, amevaa kofia yake ya jua, na gazeti kuukuu kwapani la kufungia vyombo.

"Leo tunafungua tanuri," akasema akijitupa kitini. "Mbona umekunja uso? Mumeo kakuudhi?"

"Nimelala vibaya."

"Basi endesha taratibu. Mimi bado nataka kuzeeka."

Nadine akacheka kicheko cha kulazimisha, akauacha mji wa Charlotte nyuma na kuelekea kaskazini-magharibi.

Ilikuwa safari waliyoizoea. Karibu kila mwisho wa wiki walipanda mpaka kwenye karakana ya mfinyanzi Garland Ledford, huko juu ng'ambo ya mji mdogo wa Spruce Pine, wakalala kwenye kibanda chake cha wageni, wakafinyanga vyombo, wakarudi Jumapili jioni na udongo kwenye kucha. Aliyeanza mchezo huo hakuwa hata mmoja wao. Alikuwa Thurman, mume wa Roslyn. Alipoacha kuendesha malori alisema anataka kazi ya mikono isiyokuwa na usukani, akaenda kwa Garland. Kila alichokifinyanga kilianguka. Mwishowe bakuli moja likasimama, nene kama ukuta, limeegemea upande mmoja. Akaliacha rafuni likauke, akarudi nyumbani akiwa na furaha ya mtoto, na katikati ya wiki moyo wake ukasimama akiwa anakata majani uani.

Garland alilileta lile bakuli mwenyewe baada ya mazishi, limefungwa kwenye taulo. Lilikuwa bado bichi. Sasa, bakuli bichi si chombo. Halijaona moto, na maji yakiligusa tu linarudi kuwa tope. Roslyn akaliweka juu ya friji, na hapo likakaa.

Na hapo ndipo Nadine alipoingia kazini. Nadine ni mmoja wa wale watu ambao wakikupenda wanakuja kukupangia kabati lako. Alimtoa Roslyn ndani ya nyumba, akampandisha milimani, akamkalisha mbele ya gurudumu la kufinyangia, na kwa hilo hakuna wa kumlaumu. Lakini hakuishia hapo. "Lichome," alimwambia wakiwa garini. "Lichome," alimwambia wakiwa sokoni. "Siku moja utapangusa vumbi, litavunjika, utalia. Likichomwa litadumu. Thurman alilitengeneza watu wale humo, si liwekwe kama sanamu." Alisema hivyo mwaka wa kwanza, akasema hivyo mwaka wa pili, mpaka Roslyn akachoka, akasema haya, tanuri kubwa la msimu huu litalichukua.

Tanuri la Garland ni la kuni, limejengwa kwa matofali ubavuni mwa kilima, na linakula misonobari usiku na mchana kwa zamu. Ana utaratibu wake wa kulipakia. Kila mtu anakuja na chombo chake, anamkabidhi, na Garland anauliza swali moja: udongo gani? Ukishajibu, anachagua mahali pa kukiweka. Huzungumzii urembo wa chombo chako wala ulivyoteseka kukitengeneza. Unataja udongo, unaondoka.

Mara hii Nadine alikuja na chombo cha maua kirefu, alichokifinyanga nyumbani kwenye gereji yake kwa udongo mwekundu alioununua dukani mjini. Alikipaka chokaa ya udongo mweupe, kikapendeza, akataka kila mtu akione. Garland alipouliza swali lake, Nadine alikuwa na haraka ya kusifiwa.

"Udongo ni udongo, Garland. Ule ule wako."

Machoni pake haukuwa uongo. Ulikuwa tu mkato, kama mtu anayesema unga ni unga. Tena akaongeza la kwake: bakuli la Thurman lilikuwa limeshawekwa ukingoni, karibu na mlango, basi chake kiwekwe kwenye rafu ya juu yake, ili viungue pamoja kama majirani. Garland akakiweka. Mlango ukazibwa kwa matofali, moto ukawashwa, bomba la moshi likatoa ndimi za moto mpaka juu ya miti, na baada ya hapo kila upenyo ukazibwa, tanuri likaachwa lipoe wiki nzima. Tanuri la moto halifunguliwi. Ukilifungua mapema, baridi inavipasua vyombo vyote.

Jumanne Nadine alirudi kwenye lile duka la mjini kununua mfuko mwingine. Mwenye duka, mwanamke mpole, akamuuliza anachomea tanuri gani.

"La kuni. Huko milimani."

"Huu?" Yule mwanamke akauweka mfuko chini. "Huu ni wa moto mdogo, mama. Kwenye moto wa kuni unayeyuka. Unakuwa uji, unamwagikia kila kilicho chini yake, na ukipoa haubanduki tena."

Nadine aliondoka bila udongo na bila pochi yake, ikabidi akimbiliwe mpaka garini. Tangu siku ile hakuweza kufumba macho bila kuona uji mweusi unashuka taratibu ndani ya bakuli la Thurman. Alimpigia Roslyn simu kila jioni ili amwambie, na kila jioni wakaishia kuongelea mbwa.

Walipoanza kupanda milima, wakasimama palepale wanaposimama siku zote, kwa mzee anayeuza karanga za kuchemsha kando ya barabara. Roslyn akarudi na mfuko wa moto, akapakata, akaanza kumenya. Nadine hakuwasha gari.

"Roslyn. Nina jambo."

"Nilijua tu. Wiki nzima unanipigia simu kuniuliza habari za mbwa, na mbwa wangu humpendi."

Nadine akapiga moyo konde, akasema yote. Duka, udongo mwekundu, swali la Garland, uji. Alisema na lile baya zaidi, kwamba yeye ndiye aliyechagua chombo chake kikae pale juu. Akamaliza kwa kunong'ona: "Lile bakuli limekwisha, mwenzangu. Nimelimaliza mimi. Sina cha kukuambia."

Roslyn aliacha kumenya. Alitazama mbele, kwenye ukungu uliokuwa ukinyanyuka bondeni, na uso wake ulibadilika kwa namna ambayo Nadine hakuijua. Kisha akatupa ganda dirishani.

"Endesha," akasema.

Nadine aliendesha kona zote zile roho mkononi, akitamani angalau atukanwe. Mtu akikutukana unajua umesimama wapi. Roslyn alikula karanga.

Karakanani watu walikuwa wameshafika, meza imejaa kuku wa kukaanga na pai za tufaha, kila mtu anachungulia tanuri kana kwamba kuna mtoto anazaliwa humo. Nadine akamwendea Garland kabla hajagusa tofali la kwanza, akamweleza. Garland alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu zilizoungua upande mmoja. Akavua kofia, akajipangusa upara.

"Niliuliza," akasema.

"Uliuliza."

"Mama, katika maisha yangu nauliza swali moja tu."

"Najua, Garland."

"Na bakuli la Thurman liko chini yake."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuambia ukiweke pale."

Garland akamtazama Roslyn aliyekuwa amesimama mbali, amekunja mikono. Akavaa kofia yake tena, akaanza kutoa matofali, na watu wakapanga mstari wa kuyapokea. Nadine hakutoroka. Alijikaza, akasimama wa kwanza karibu na mlango, kwa sababu aliona ni haki yake aone wa kwanza.

Chombo chake hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na ngozi nyeusi inayong'aa, imetandaa juu ya rafu kama sukari iliyoungua kwenye sufuria, na ukingoni imeshuka michirizi minene mpaka rafu ya chini. Huko chini palikuwa na kibonge. Kimefunikwa chote, kimeganda na rafu. Nyuma yake watu waliguna. Nadine aliziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka bila kujali nani anamtazama.

Garland aliwasha tochi, akainama. Akakaa ameinama kwa muda.

"Roslyn," akaita. "Bakuli la Thurman lilikuwa na mkono?"

"Mkono gani?"

"Mkono wa kushikia. Hiki kina mkono. Hiki si bakuli, hiki ni kikombe."

Roslyn akakohoa.

"Ni kile changu kilichopinda," akasema. "Mlipokwenda kula mchana ule wa kupakia, nikalitoa bakuli nikaweka kikombe. Lipo nyumbani."

Nadine aligeuka taratibu. Akakaa kwenye rundo la matofali, akashusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu Jumanne. Alianza kucheka huku bado analia, na kamasi zikimtoka, na hakuna kitu kizuri cha kusema juu ya sura yake wakati ule ila kwamba ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

"Lipo?" akauliza.

"Lipo zima."

"Na tangu kwenye karanga unajua?"

"Tangu kwenye karanga."

"Umeniacha nipande mlima wote ule nikiwa maiti?"

"Nimekuacha," Roslyn akasema, akija kukaa kando yake. "Miaka miwili, Nadine. Lichome, lichome, lichome. Nikasema acha na wewe uive kidogo."

Watu wakacheka, Garland naye akacheka, kicheko cha mtu ambaye na yeye alikuwa amebeba kitu. Ila sheria ikabaki sheria. Pale kwa Garland, aliyemwaga ndiye anayesugua. Akampa Nadine miwani ya kazi, barakoa na jiwe la kusagia, akamkalisha uani na rafu mbili za kuzibandua ule uchafu wake. Kikombe cha Roslyn hakikubanduka. Sahani mbili za Garland mwenyewe zilikuwa zimerukiwa na matone, akasema atamwekea Nadine moja ale chakula kwenye aibu yake.

Nadine alisugua mpaka mabega yakawaka moto, na hajawahi kufanya kazi chafu kwa furaha kama ile. Roslyn alikuja kumletea kuku.

"Kwa nini hukuniambia?" Nadine akamuuliza, ameteremsha barakoa. "Si leo. Siku ile ile ulipolitoa."

"Niliona haya. Nilikuwa nimeshasema ndiyo mbele ya wote." Akapangusa vumbi kwenye bega la Nadine. "Na niliogopa utasema nimerudi nyuma."

"Ningesema kweli."

"Najua ungesema."

Hawakulala milimani safari hiyo. Roslyn alisema anataka kurudi, na Nadine hakuuliza sababu, jambo ambalo kwake si dogo. Jua lilikuwa bado halijazama walipofika Charlotte. Roslyn akamkaribisha jikoni, akammiminia chai ya barafu, akaingia chumbani na kurudi na taulo. Akalifungua juu ya meza.

Lilikuwa lilelile: nene, la kijivu, limeegemea upande. Nadine alikuwa amelisema miaka miwili na hajawahi kulitazama vizuri. Ndani, karibu na ukingo, palikuwa na shimo pana, pale Thurman alipobonyeza kwa dole gumba ili lisianguke.

"Weka dole lako," Roslyn akasema.

Nadine akaweka, polepole, akiogopa hata kupumua. Dole lake lilipotelea mle ndani.

"Alikuwa na mikono mikubwa yule baba," akasema.

"Garland alituambia siku ya kwanza kabisa, ukakumbuka kila kitu ila hilo," Roslyn akasema. "Udongo ukikauka unapungua. Ukichomwa unapungua tena. Kila kitu chake, na alama zake." Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ila macho hayakuwa ya kawaida. "Ameshapungua mara moja, Nadine, bakuli lilipokauka. Mlipokwenda kula niliweka dole langu hapo, nikashindwa kuliacha tanurini. Sikutaka apungue tena."

Nadine alifungua mdomo. Alikuwa na la kusema, kama kawaida yake, kuhusu kabati la kioo na kitambaa kisichoshika vumbi. Akaufunga. Akautoa mkono wake ndani ya bakuli taratibu, akachukua glasi yake ya chai iliyokuwa ikitoka jasho pale mezani, na akaisogeza mbali na bakuli, mpaka mwisho kabisa wa meza.