Mikono ya Karatasi

Kila Jumanne asubuhi, kabla askari hawajafika kwenye uwanja wa shabaha wa Ha Rantsane, Sajini Limpho Mokhachane alipika uji mzito wa mahindi. Haukuwa wa kunywa. Aliupaka kwenye vipande vya magazeti akazibia matundu ya risasi kwenye watu wa karatasi wa kulengea shabaha, kwa kuwa stoo haikuwahi kumletea gundi.

Jumanne hiyo alikuja Inspekta Ralitapole. Mwezi Juni, kwenye kizuizi cha barabarani, alimpiga risasi mchunga mifugo aitwaye Pusetso, huku Pusetso amenyoosha mikono juu. Uchunguzi ukasema mikono ilikuwa chini. Sasa ilibaki tu afaulu jaribio la shabaha na Limpho atie sahihi, ndipo Inspekta arudishiwe bastola yake.

Inspekta aliposimama kwenye mstari wa kufyatulia, mtu wa karatasi akanyoosha mikono juu.

"Huyu leo kaanza mapema," alisema konstebo mmoja, akiendelea kujaza risasi.

Limpho akapuliza filimbi. "Sitisha! Ntate Inspekta, huyo kajisalimisha."

"Ni karatasi, mama."

"Naiona. Na mikono naiona."

Inspekta akafyatua. Kumi, zote kifuani. Limpho akaenda kuyahesabu matundu kwa kidole, akarudi akaandika kwenye fomu: *Zimepata kumi. Amefeli.*

Mchana Mrakibu, mkuu wao, akamwita Limpho. Alikuwa mzee mpole, ndiye aliyempendekeza apandishwe cheo.

"Binti yangu, tugombane kwa ajili ya karatasi? Futa hilo neno, uende ukale."

"Sifuti, ntate."

"Utalinda geti mpaka ustaafu."

"Geti nalo linataka mtu."

Aliogopa, tena sana, lakini hasira yake iliuzidi woga.

Mrakibu naye hakuwa mtu wa kupuuza jambo. Aliamuru watu wote wa karatasi wakatwe mikono, na mkasi akapewa Limpho, iwe kazi yake ya mwisho uwanjani. Alikata jozi sitini. Alhamisi Inspekta akafaulu kwa alama zote, fomu ikasainiwa na mtu mwingine, na bastola ikarudi kiunoni.

Jumatatu Limpho aliripoti getini na sufuria ya uji. Akaibandika mikono yote ukutani, huku na huku ya geti, vidole vikielekea juu. Askari wakaleta maji ya moto, visu, hata sepetu ili kuibandua. Ikibanduliwa asubuhi, mchana imerudi, na vumbi la njiani kwenye viganja. Mwishowe ofisi ikaiandika kwenye orodha ya vifaa vya kituo, kati ya madawati na ndoo za kuzimia moto.

Ijumaa huja mama yake Pusetso. Huenda moja kwa moja kwenye jozi iliyo karibu na bawaba ya geti, akaishika kidogo, akarudi kwake.

Ralitapole hupita hapo kila siku na bastola yake. Limpho humpigia saluti, maana kanuni inataka. Kisha humwambia, bila kupaza sauti, "Tazama ukutani, ntate."

Mpaka leo hajatazama. Na Limpho hajaacha kumwambia.