Kome Walipokuja Kutupima

Usiku wa jana niliota kome wamekuja nyumbani kutupima. Kome ni wale konokono wa baharini tunaowachemsha na kuwachokoa kwa sindano. Safari hii walikuwa na kimo cha kabati, na walibisha hodi kistaarabu.

Niliwakaribisha. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya pwani kijijini kwetu, wageni nimewazoea. Tena pete ya kupimia ni wazo langu mwenyewe: kome anayepenya ni mdogo, anarudishwa majini akue. Asiyepenya anaingia kapuni.

"Shikamoo," nikamwamkia mkubwa wao.

"Marahaba. Simama hapa."

Ananivisha pete pana kama tairi la trekta. Inapita kichwani, mabegani, inaanguka sakafuni bila kunigusa.

"Mdogo. Arudishwe."

Nilifurahi, sioni haya kusema. Kisha wakamtoa chumbani mama yangu, Bi Mwanakheri, ambaye ni bonge la mtu. Pete ikamkwama kifuani.

"Kapuni," akasema kome.

"Huyu ni mama yangu!"

"Ndiyo maana hapenyi."

Nikamwambia sheria gani hiyo ya kijinga. Akaniuliza aliyeitunga ni nani.

Hapo sebule ikawa kliniki ya wajawazito. Kwenye benchi wamejipanga kome vijana, kila mmoja ameshika mayai yake kwenye kijiko cha chai. Mwisho wa benchi ameketi bibi mmoja, gamba limeota mwani. Mayai yake yamejaa beseni la kufulia na mengine yanamwagika.

"Kabaki huyu tu," kome akaniambia. "Wenzake mmewala. Vijana wamejaa pwani nzima, lakini mayai yao ndiyo hayo unayoyaona."

Niliogopa sana, maana mama alikwishaingia kapuni. Ametulia, anafunga kanga vizuri kama mtu anayekwenda harusini.

"Basi tuweke pete mbili," nikasema. "Wadogo warudishwe, wakubwa warudishwe. Wachukuliwe wa kati."

Wakaenda kushauriana. Kome hawana haraka. Walijadiliana masika yote na vuli, nami nikakaa kwenye benchi nikila mihogo na kunenepa.

"Imepita," akasema mkubwa wao. Wakamtoa mama, wakamwambia arudi nyumbani. Kisha wakanipima upya. Pete ndogo, ile ile ya kwanza, ikanikwama kiunoni. Kubwa ikapita.

"Wa kati."

Sikubisha. Nikaingia kapuni mwenyewe, wakafunika.

Nikazinduka. Kumekucha. Mama ameketi ukingoni mwa kitanda changu, anapangusa mchanga mbichi katikati ya vidole vya miguu yake. Tangu avunjike nyonga hajashuka pwani, hata mlangoni hafiki bila kushikwa mkono.

"Shikamoo mama."

Akaukung'uta mchanga sakafuni.

"Mwenyekiti mzima," akasema, "nani kakutuma useme wa kati?"