Mechi Tuliyofungwa

Ubao ulionyesha tumeachwa pointi saba, na mpira ulikuwa mikononi mwangu. Ukumbi mzima wa mji wetu wa Sfax ulikuwa umesimama isipokuwa baba. Yeye alikaa safu ya mbele, akibangua mbegu za alizeti, macho kwenye miguu yangu. Asubuhi alikuwa ameniambia, "Beya, leo mkifungwa, raba hizo nampa binamu yako. Wewe unarudi kwenye cherehani." Baba alikuwa seremala, na hakuwa mtu wa kupima ubao mara mbili.

Lile lilikuwa kombe la wanawake wa nchi za Kiarabu, na kila kundi la timu tatu lilitoa moja tu kwenda fainali. Sisi tulikuwa tumewafunga wasichana wa Amman kwa pointi tisa. Amman wakawafunga Aleksandria kwa tatu. Sasa Aleksandria walikuwa wanatufunga sisi. Kila mtu kampiga mwenzake. Kilichobaki ni kupima, kwa tofauti ya pointi, nani kaumia kidogo.

"Mkifungwa, fungweni kwa tano," alituambia kocha Saloua. "Sita zina ubishi."

Baba hayo hakuyajua.

"Nenda kapike kuskusi, dada," alininong'oneza beki mrefu wa Aleksandria. "Mmekwisha."

"Imeshaiva. Nawa mikono."

Nikainama kushoto, nikapita kulia, nikarusha. Mpira ulizunguka mdomo wa kikapu kama bibi harusi anayejivuta mlangoni, kisha ukaingia. Filimbi ya mwisho ikalia.

Aleksandria wakarukaruka, wakakumbatiana, mpaka walipomwona kocha wao kajishika kichwa. Vigelegele vikapanda kwetu, tuliofungwa.

Baba akaja mpaka benchi, mkono kaunyoosha. "Lete raba."

"Baba, kitendawili."

Alinitazama. Tangu utotoni mwangu hajawahi kukikataa kitendawili. "Tega."

"Nimeanguka, nimefika."

Akautazama ubao. Akawatazama wenzangu waliombeba Saloua juu juu. Akatafuna mbegu moja, polepole. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Haya, chukua Tunisi."

"Nimeuchukua, Baba. Tumefungwa kwa tano, tumepita. Fainali iko huko huko."

Aliinama, yeye mwenyewe akazifungua kamba za raba zangu, akazibeba kwapani mpaka nyumbani, na Ijumaa mpaka stesheni ya treni, kama mikate iliyotoka tanuruni.

Kombe tulilitwaa, tena kwa pointi nyingi. Wajukuu huniomba niwasimulie hiyo fainali. Siisimulii sana, haina kitendawili.