Mbali na Bawaba

Fizikia siifundishi kwa chaki peke yake. Tulipofika kwenye momenti, nilimsimamisha Gunia, mvulana mnene kuliko wote darasani, auzuie mlango wa maabara usifunguke, asukume karibu na bawaba. Nje nikamweka Kijiti, msichana ambaye sare inamning'inia kama nguo kwenye kamba, asukume kwenye kishikio. Gunia alisukuma mpaka shati likamganda mgongoni. Kijiti akaufungua.

"Gunia la pamba!" darasa zima likapiga kelele.

"Si pamba," nikasema. "Tatizo ni mahali aliposimama. Ukikaa karibu na bawaba, unene wako haukusaidii kitu."

Binti yangu alicheka pamoja na wenzake. Darasani ananiita Mwalimu; Mama ni wa nyumbani. Na nyumbani siku hizi ni chumba cha kupanga, mimi na yeye, tangu baba yake aliponivunja mbavu kwa kiti. Alipoona tumeondoka, aliapa kwamba atamchukua mtoto popote atakapomkuta, na mimi atanizika. Baba yake ni mwashi. Akisema anabomoa, anabomoa.

Wiki iliyofuata, tukiwa katikati ya somo la wenzo, tulisikia mlinzi akipiga yowe getini. Yowe likakatika. Dirishani nikamwona mume wangu anavuka uwanja na mtaimbo mkononi, ncha yake inadondosha damu.

"Fungeni mlango!"

Komeo la mlango ule lilikuwa limekufa zamani, tukauzuia kwa miili yetu. Nimeomba fundi mpaka nimechoka. Haya, fundi ndiye huyo anakuja.

Binti yangu alinishika mkono. "Mwalimu, usinitoe."

"Hutoki."

"Nimemfuata mwanangu!" baba yake akanguruma nje. "Mtoe, we mwanamke, au nawaponda wote humo kama kokoto!"

Pigo la kwanza lilipasua ubao wa mlango. La pili lilipenya upande wa kishikio na kumchana Gunia sikio. Damu ikamtiririka shingoni. Watoto wakapiga mayowe, wengine wakajikojolea, na wote wakakimbilia upande wa bawaba, wakajibana pale kama kuku waliomwona kicheche. Mlango ukaanza kufunguka huku wanausukuma.

"Mmesahau mara hii? Njooni huku!"

"Mwalimu, huko ndiko kuna chuma!"

"Na ndiko kuna kazi! Njooni!"

Wa kwanza kuja alikuwa Gunia, ameshika sikio. Wengine wakamfuata. Mlango ukarudi.

Lakini mwashi anaijua kazi yake. Aliuchomeka mtaimbo kwenye upenyo, akaingiza ncha nyuma ya fremu, halafu akauegemea kwa mwili wote. Viatu vyetu vikaanza kuteleza kwenye sakafu. Niliutazama ule mtaimbo. Fremu ndiyo egemeo, mlango uko jirani nayo, mikono yake iko mbali kabisa, mwishoni mwa chuma. Wenzo kamili, kama niliouchora ubaoni dakika chache kabla. Mbele ya wenzo ule, darasa langu lote lilikuwa Gunia kwenye bawaba.

"Anatushinda, Mwalimu!" Kijiti akalia.

"Mwenye nguvu mpishe," nikawanong'oneza. "Nikisema pisha, rukeni nyuma. Nikisema funga, rudini kwa nguvu zenu zote. Kwenye ukingo, mmenisikia? Ukingoni."

Nje alikuwa anahema na kutukana, uzito wake wote uko kwenye chuma.

"Pisha!"

Mlango ulifunguka kama umepigwa teke, na nguvu zake mwenyewe zikamtupa ndani kifudifudi. Mtaimbo ukabingirika chini ya meza. Kabla sijaufikia alinidaka kifundo cha mguu, akanivuta, na kichwa changu kikagonga pembe ya meza. Nikaonja damu. Mguu wake mmoja ulikuwa bado nje ya kizingiti.

"Funga!"

Mfupa ulivunjika kwa mlio mkavu, kama kipande cha chaki. Akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu mzima, lakini vidole vyake vilizidi kunibana.

"Tena!"

Sikusema mimi. Alisema binti yangu. Yeye ndiye alikuwa ukingoni kabisa, mikono yote miwili kwenye kishikio. Mlango ukafunguka kidogo, ukafungwa.

"Inatosha," nikasema.

"Hajakuachia, Mama."

Kweli, alikuwa hajaniachia. Wakafunga tena, na safari hii vidole vikalegea.

Walimu wenzangu walifika na kamba, na mlinzi nyuma yao, kichwa amekifunga shati. Walimfunga mikono. Mguu wake ulikuwa umepinda mahali pasipo na goti. Nilipanguza mdomo, nikautoa mtaimbo chini ya meza, nikaukalia.

Walipomwinua alimtafuta mtoto kwa macho mpaka akampata. Sauti ikawa laini, ile ile ya siku zote baada ya kipigo.

"Mwanangu. Hasira zimekwisha. Twende nyumbani na baba."

Nilijizuia nisimjibie. Binti yangu akaachia kishikio, akaenda kwenye dawati lake lililopinduka, akaliinua, akaketi.

"Niko darasani, Baba."